Kujifunza ala ya muziki ukubwani: mtu wa ngazi na mtu wa wimbo, wewe ni yupi?

Mtu mzima akitaka kuanza muziki swali la kwanza huwa ni ala ipi, gitaa au kinanda, na la pili ni kama umri umeshampita. Mi naona yote mawili yanasubiri. Kinachoamua kama mwakani utakuwa bado unapiga au ala itakuwa imelala juu ya kabati ni kichwa ulichoingia nacho, na kwa jinsi ninavyowaona watu wazima wanavyoanza, wanavyoendelea na wanavyoacha, vichwa vikubwa viko viwili. Nimevipa majina yangu mwenyewe, mtu wa ngazi na mtu wa wimbo.

Mtu wa ngazi anataka kujua vizuri toka mwanzo. Anatafuta mwalimu au kitabu chenye mpangilio, anajifunza kusoma nota, anapiga skeli (nota zinazopanda na kushuka kwa mpangilio), zoezi la 4 lisipokaa sawa haendi la 5, na ukimuuliza siku hizi unapiga nini anakwambia niko gredi ya pili. Mtu wa wimbo ana wimbo mmoja unaomnyima usingizi, anataka huo huo, anajifunza kodi tatu za gitaa (kodi ni nota kadhaa zinazopigwa pamoja) ambazo wimbo unazihitaji na haongezi hata moja, akiuliza kitu ujue wimbo umemkwamisha. Huyu ukimuuliza unapiga nini anakupigia.

Wengi wetu tuna vyote viwili kidogo kidogo ila kimoja ndo kinashika usukani, na ni vizuri ukakijua mapema kwasababu kila kimoja kina mahali pake pa kukuangusha.

Shida ya mtu mzima iko masikioni

Mtoto wa miaka saba akipiga fidla ikalia kama bawaba yenye kutu yeye anafurahi tu, anakufuata ulipo akuonyeshe, maana masikio yake na mikono yake vina umri mmoja, vyote bado havijui. Mtu mzima hana bahati hiyo. Umesikiliza muziki miaka thelathini, arobaini, gitaa zuri unajua linavyolia, na likiwa halijatuniwa unalisikia hata kama huwezi kusema ni uzi upi, alafu mikono ndo kwanza inaanza leo. Kwahiyo kila unachopiga unakisikia kilivyo kibaya, na unakisikia kwa undani kuliko mtoto. Juu ya hapo kazini kwako wewe ndo mtu wa kuulizwa, nyumbani wanakutegemea, umeshasahau miaka mingi kuwa mtu asiyejua inafananaje, sasa umekaa kwenye kiti kuhesabu moja mbili tatu nne kunakushinda. Hapo ndo watu wanapoachia, na wakiachia wanasema mi sina kipaji. Jamani kipaji hapo hakijafikiwa hata, ni masikio yametangulia na mikono bado iko njiani.

Kwahiyo kipimo changu cha vichwa hivi viwili ni kimoja: kipi kinakuvusha ile miezi ya mwanzo ambayo masikio yako mbele ya mikono.

Mtu wa ngazi anavuka kwa kubadilisha kipimo. Hajiulizi leo nimelia vizuri au vibaya, anajiuliza ukurasa wa ngapi. Jana ukurasa wa 12 leo wa 13, basi amesogea, hata kama kwa masikio bado ni kelele. Hiyo ni kinga nzuri sana kwa mtu mwenye aibu ya kujisikia.

Mtu wa wimbo anavuka kwa njia nyingine na hii mi naipenda zaidi: masikio yale yale yanayomuumbua ndo yanamsaidia. Wimbo anaujua kichwani, kwahiyo akipiga kodi mbili tu kwa kusuasua kichwa kinajazia vilivyobaki, sauti ya muimbaji, besi, ngoma, anasikia wimbo mzima wakati mtu aliyeko chumba cha pili anasikia kwaruza kwaruza tu. Anadanganyika kidogo, sawa, lakini anadanganyika kwa faida maana kesho atarudi kukaa.

Umri tuumalize haraka

Shinichi Suzuki, yule Mjapani ambaye mbinu yake ya kufundisha fidla inajulikana dunia nzima kwa kuanza na watoto wadogo kabisa, yeye mwenyewe alianza fidla akiwa na miaka 17. Gary Marcus, mwanasaikolojia wa Marekani anayesoma jinsi akili ya binadamu inavyojifunza, alianza gitaa akikaribia miaka 40. Kwahiyo mlango haujafungwa.

Kuna kitu kimoja hasa ambacho kuanza ukubwani kunakukosesha, ule uwezo wa kusikia sauti moja peke yake na kuitaja ni nota gani bila kuilinganisha na nyingine, wengi walio nao walianza muziki kabla ya miaka sita au saba. Lakini kusikia umbali kati ya sauti na sauti, kwamba hii imepanda hatua ngapi kutoka ile, hiyo unajifunza umri wowote na ndo wanamuziki wengi wanayoifanyia kazi kila siku.

Alafu kuna ile habari ya saa 10,000. Ilitokana na utafiti wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993 juu ya wanafunzi wa fidla Berlin, wale waliokuwa bora kabisa walikuwa na wastani wa saa kama hizo walipofika miaka 20, na baadaye, kuanzia 2008 hivi, namba ikageuzwa kama sheria ya kila kitu, Ericsson mwenyewe akalalamika kwamba hakusema hivyo. Piga hesabu, saa moja kila siku inakupeleka miaka 27 na zaidi. Wewe huendi kushindania kiti kwenye okestra. Nusu saa kwa siku mwaka mzima ni kama saa 180, na mtu mwenye saa 180 zilizotumika vizuri kwenye gitaa anapiga nyimbo nyingi za kawaida na watu wanaimba naye. Hiyo ndo namba ya kuiweka kichwani.

Mtu wa ngazi kwa undani

Uzuri wa kwanza hajengi juu ya makosa. Mkono wa kinanda ukikaa vibaya mwezi wa kwanza, au upinde wa fidla ukishikwa kwa kukaza, mwezi wa sita inakuwa tabia na kuing'oa ni kazi kuliko kujifunza upya. Mwenye mwalimu na mpangilio anarekebishwa mapema. Uzuri wa pili anajua kusoma, na kusoma nota kunafungua makabati ya muziki ambao hajawahi kuusikia. Uzuri wa tatu kuna tarehe. Mtu mzima bila tarehe kazi zinammeza, kila wiki kuna jambo, lakini ukishalipia mtihani wa mwezi wa sita utakaa utake usitake.

Mitihani hiyo watu wengi wanadhani ni ya watoto wa shule, sio. Bodi ya Uingereza inayoitwa ABRSM, ipo toka 1889, ina gredi 1 mpaka 8 na haina kikomo cha umri, mtihani wao wa vitendo una alama 150 na ukipata 100 umefaulu, 120 meriti, 130 distinksheni. Mtihani wenyewe una nyimbo tatu, skeli, kusoma nota ambazo hujawahi kuziona, na zoezi la masikio. Na kwa mtu mzima anayetetemeka mbele ya msahihishaji kuna kitu walileta 2020, unajirekodi video ukipiga nyimbo nne unatuma, skeli hamna. Kwa mtu wa ngazi mwenye woga hiyo ni ahueni kubwa. Jua tu kwamba ukitaka gredi 6 kwenda juu wanakudai uwe umeshapita gredi ya 5 ya nadharia au mbadala wake wanaoukubali, sio wa kushtukia siku ya kujisajili.

Sasa ubaya. Mtu wa ngazi anaweza kukaa miaka miwili hana wimbo hata mmoja wa kumpigia mtu. Namaanisha kabisa, amefaulu gredi, skeli zinatiririka, mkutanishe na watu wanaoimba mwambie tuchezee kidogo, anasema sina karatasi. Muziki kwake umebaki kwenye karatasi, masikio hayakupewa kazi. Ubaya mwingine ni usafi uliopitiliza, akikosea nota moja anarudi mwanzo, akikosea tena anarudi mwanzo, mwishowe baa nne za mwanzo (baa ni vile vipande vifupi vya wimbo vyenye idadi maalum ya mapigo) anazipiga kama malaika na za mwisho hazijui kabisa kwasababu hajawahi kuzifikia akiwa na nguvu. Na mtu mzima mwenye cheo au taaluma huwa anavutwa sana huku, maana amezoea vyeti, ngazi inamfanya ajisikie yuko kwenye mazingira anayoyajua, kumbe wakati mwingine anajificha humo asisikike.

Mtu wa wimbo kwa undani

Huyu anaanza na moto. Siku ya kwanza anajifunza kodi ya Em kwenye gitaa, vidole viwili tu, anatoa kitu kinachofanana na muziki ndani ya dakika kumi. Wiki ya pili kodi tatu au nne, G, C, D na hiyo Em, na nyimbo zinazopigika kwa hizo nne peke yake hazihesabiki. Ncha za vidole zinauma kwasababu ya nyuzi za chuma, ila wimbo unamvuta anavumilia, baada ya wiki chache za kupiga karibu kila siku sugu zimeota hasikii kitu. Mtu asiye na wimbo anaoupenda maumivu yale yale yanamtoa.

Uzuri mwingine huyu anapiga na watu mapema, na kupiga na watu kunafundisha kitu ambacho hakuna kitabu kinakufundisha, kutosimama. Ukiwa peke yako ukikosea unasimama unarekebisha, ukiwa na muimbaji hawezi kukusubiri, unaruka ulipokosea unadaka mbele. Anayejua kudaka mbele ni mwanamuziki tayari hata kama anajua kodi nne.

Ila ana magonjwa yake. La kwanza anajua mwanzo wa nyimbo ishirini, wa kuumaliza hamna. Zile baa za mwanzo zinazojulikana na kila mtu anazipiga fasta, ikifika sehemu ngumu anahamia wimbo mwingine, na intaneti inamsaidia kuhama maana video ya wimbo unaofuata iko pembeni pale pale inamuita. La pili mapigo. Anapiga peke yake chumbani, sehemu rahisi anakimbia sehemu ngumu anapunguza, yeye hasikii kwasababu kichwa kinajazia kama nilivyosema, siku akikaa na mpiga ngoma anashangaa kwanini wanapishana. La tatu ni ukuta, na kwenye gitaa ukuta una jina: kodi ya F. Kidole kimoja kinalalia nyuzi zote sita freti ya kwanza (freti ni vile vichuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), hakuna njia ya mkato ya maana, inataka wiki nyingi za kulia vibaya, na mtu wa wimbo hajazoea kufanya kitu ambacho hakisikiki kama wimbo. Wengi wanafia hapo, wengine wananunua kapo, kibanio cha kubana nyuzi shingoni mwa gitaa, wanaikwepa F maisha yao yote, ambapo mi sioni kama ni dhambi kubwa hivyo ila inakubana nyimbo.

Waweke kwenye hali moja

*Usiku umechoka una dakika 20.* Wa ngazi anazigawa, tano skeli, kumi kipande kipya, tano marudio, na kama amechoka sana anajiambia dakika 20 hazitoshi ratiba yangu, kesho nitafanya 40, na kesho hafanyi. Wa wimbo anakaa anapiga anachokijua dakika 20 zote anafurahi, hajasogea hata hatua. Kwa uendelevu wa wimbo ameshinda, kwa maendeleo wa ngazi ameshinda kama tu amekaa.

*Umekwama pale pale wiki tatu.* Hapa wa ngazi yuko juu sana. Ana njia, anapunguza spidi mpaka mkono uweze, anatenga baa mbili zenye shida anaachana na nyingine, anaweka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, anapanda kidogo kidogo. Wa wimbo analazimisha spidi ya wimbo halisi, anakosea sehemu ile ile mara hamsini, na mkono haujui kwamba lile ni kosa, unajifunza kosa. Kama wewe ni wa wimbo kaiba hii moja kwa wenzio. Hata YouTube ina sehemu ya kupunguza spidi ya video mpaka nusu bila sauti kushuka, itumie.

*Mtu kaomba umpigie kitu.* Wa wimbo anapiga. Wa ngazi anajieleza.

*Ulisimama miezi miwili, safari au ugonjwa.* Hili linawapata watu wazima wote, halikwepeki. Wa ngazi anarudi anaona ameshuka gredi, anajisikia kama amefukuzwa shule, wengi hawarudi kabisa kwasababu kurudi ni kukiri nimepoteza. Wa wimbo anashika ala anapiga ule wimbo wake, mbovu mbovu, baada ya siku nne tano umerudi. Nadhani hii ndo hali ninayoiangalia kuliko zote nikimshauri mtu, maana sijaona mtu mzima mwenye kazi na familia asiyesimama, tofauti ni nani anarudi.

*Kumtafuta mwalimu.* Mwambie mwalimu siku ya kwanza wewe ni yupi. Kuna walimu wazuri kabisa ambao njia yao ni moja, kitabu cha kwanza ukurasa wa kwanza, mtu wa wimbo akikaa pale mwezi hayupo. Na kuna walimu wa kukuonyesha wimbo unaoutaka tu, mtu wa ngazi anatoka pale anajisikia ameibiwa. Mwalimu wa mtu mzima anatakiwa akuulize unataka kupiga nini na na nani, asipouliza mwambie mwenyewe.

Ala nayo ina maoni yake

Huwezi kuchagua kichwa bila kuangalia ala maana nyingine hazikubali. Fidla haina freti, kidole kikisogea kidogo tu sauti imetoka nje, na upinde peke yake ni somo la miezi, kwahiyo mtu wa wimbo kwenye fidla bila mwalimu anateseka, hapo masikio yako ya miaka arobaini yatakusulubu kila siku. Ukiitaka fidla kuwa wa ngazi angalau mwaka wa kwanza. Gitaa linakubali wote wawili. Ukulele yenye nyuzi nne za nailoni haiumizi vidole sana na inampendelea mtu wa wimbo waziwazi, kama unaogopa kukata tamaa mapema anza hapo wala usione aibu.

Kinanda kiko katikati na kina huruma moja kubwa, ukibonyeza kitufe nota inatoka safi hata kama ni siku yako ya kwanza, kati ya vile vitufe 88 hakuna hata kimoja kitakachotoka nje ya sauti kwa kosa la kidole chako. Kinachokuja kukuadhibu ni mikono miwili kufanya vitu viwili, na hapo njia ya ngazi inasaidia, mkono mmoja kwanza, wa pili peke yake, ndo uunganishe taratibu.

Saksafoni na tarumbeta ni habari ya midomo na pumzi, midomo ya mtu anayeanza inachoka haraka, kwahiyo vipindi vifupi vya mara kwa mara ndo vinalipa, na majirani wapewe taarifa. Dramsi sitazisemea sana, mapigo yakikataa huko huna pa kujificha, uwe wa ngazi au wa wimbo.

Vitu ambavyo havijali wewe ni yupi

Kugawa mazoezi siku nyingi kunashinda kuyarundika wikiendi. Hili sio la muziki tu, mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alishaliona kwenye kukariri toka 1885. Dakika 15 au 20 siku tano zina nguvu kuliko saa mbili za jumamosi, na mikono pia inapona vizuri zaidi. Mkono ukiuma kwenye kiwiko au kifundo, sio ncha za vidole, simama, hiyo sio ya kuvumilia, watu wazima wanajiumiza kano kwa kutaka kufidia miaka yote kwa wiki mbili.

Usingizi nao unafanya kazi. Mtafiti wa usingizi Matthew Walker na wenzake mwaka 2002 waliwafundisha watu mfuatano wa kubonyeza vidole, waliolala usiku wakarudi na spidi iliyopanda takriban asilimia 20 bila kufanya mazoezi ya ziada. Kwahiyo kile kipande kilichokugomea leo saa nne usiku, kiache, kesho kijaribu kabla hujalaani. Mara kibao utakuta kimejipanga chenyewe.

La mwisho ni kuchanganya. Ukirudia kitu kimoja mara thelathini mfululizo utakiona kimekaa, kesho hakipo. Ukipiga kipande hiki mara chache ukaenda kingine ukarudi, leo utajiona mbovu ila kesho kimebaki. Watafiti Shea na Morgan walilionyesha hili 1979, japo jaribio lao lilikuwa la kuangusha vibao kwa mkono kwa mpangilio fulani, sio muziki. Wa ngazi huwa hapendi kusikia hili kwasababu anataka kumaliza kitu kimoja ndo aende kingine, na wa wimbo analifanya bila kujua ila analifanya bila mpango.

(Kuna na kichwa cha tatu, mtu wa vifaa. Huyu kila akikwama anaamini tatizo ni gitaa, ananunua lingine, kisha ampu, kisha pedali, kisha nyuzi za aina mpya, anaangalia video za kulinganisha vifaa mpaka saa saba usiku na hajapiga nota hata moja toka asubuhi. Sikuweka kwenye ulinganisho maana yeye ameshachagua hobi nyingine na ana furaha zake. Ila gitaa ambalo nyuzi ziko juu sana mbali na ubao kweli linatesa vidole, peleka kwa fundi alishushe kabla hujajilaumu, hapo mtu wa vifaa ana hoja.)

Sasa uchague kipi

Jiulize hivi, mara ya mwisho uliyojifunza kitu kigumu ukubwani, lugha, kuendesha gari, programu ya kompyuta, ulishikilia kwasababu ya nini? Kama kilichokushika ni darasa, tarehe na cheti, wewe ni wa ngazi na usijilazimishe kuwa msanii, jisajili. Kama ulishikilia kwasababu kuna kitu ulikuwa unakihitaji pale pale, anza na wimbo. Jiulize pia unataka muziki wa kufanya nini. Kupiga nyumbani na watu wako, au kuisindikiza kwaya kwa kodi za gitaa au kinanda, wimbo unatosha kukufikisha. Kupiga muziki wa kusoma, okestra, bendi ya shaba yenye karatasi, au kuja kufundisha wengine, bila ngazi hutafika, utajikuta unarudi mwanzo na hasira.

Na kama huelewi uko wapi mi nakusukuma kwenye wimbo kwa miezi ile ya mwanzo, isipokuwa kwa fidla na jamaa zake. Sababu ni ile ile ya masikio. Mtu mzima hakosi nidhamu, nidhamu anayo kazini kila siku, anachokosa ni uvumilivu wa kujisikia vibaya, na wimbo unaoupenda ndo unaofunika hilo vizuri kuliko ukurasa wa 13. Chagua wimbo mmoja, sio kumi, wenye kodi tatu au nne na spidi ya polepole, na uupige mpaka mwisho hata kama katikati panavuja. Kila ukikaa toa dakika mbili tu za ukavu, badilisha kodi mbili zinazokusumbua kwa dakika nzima uhesabu umebadilisha mara ngapi, andika pembeni. Hiyo ni ngazi ndogo ndani ya wimbo na haitakuua.

Ukifikisha nyimbo tano za kumaliza ndo ongeza ngazi, mwalimu mara mbili kwa mwezi, metronomu, F kama ni gitaa, kusoma nota kama ni kinanda. Ukifanya mapema zaidi unaweza kuua moto, ukichelewa sana makosa yanakuwa tabia, nami nadhani nyimbo tano ni mahali pazuri kwasababu kufikia hapo wewe mwenyewe utakuwa umeanza kuuliza maswali ambayo wimbo haujibu, kwanini hii kodi inakaa vizuri baada ya ile, kwanini muimbaji akipandisha sauti nalazimika kubadilisha zote.

Kwa ambaye tayari yuko ngazini, gredi ya pili ya tatu, na hajawahi kupiga na mtu, ondoa karatasi. Tafuta mmoja anayeimba, asiwe mkali, chagueni wimbo wa kodi tatu, kubalianeni spidi ndogo na sheria moja tu kwamba hakuna kusimama mpaka uishe, hata mkipotezana. Mara ya kwanza utapotea kabisa. Mara ya tatu utaanza kumsikia yeye badala ya kujisikia wewe.